Kufuli la Saa Saba

Chekechea ya kwanza Baba Kidoti aliikataa kwa sababu ya mtungi wa gesi, uliowekwa sentimita chache tu kutoka kwenye pazia la jikoni. Ya pili aliikataa kwa sababu ya nyaya za umeme zilizoning'inia juu ya meza ya watoto. Ya tatu ilikuwa ghorofani, na hiyo hata ndani hakuingia. Alisimama chini barabarani, akainua kichwa, akahesabu ngazi, akamwambia mkewe twende zetu.

"Hivi wewe unamtafutia mtoto shule au unatafuta kituo cha zimamoto?" Mama Kidoti alimuuliza njiani, mtoto amemlalia begani.

Mumewe alikuwa askari wa zimamoto, mwaka wa kumi na moja sasa, na watu wote waliomfahamu walijua jinsi kazi ilivyomharibu. Akialikwa harusini, kabla hajampa mkono bwana harusi ameshajua ukumbi una milango mingapi na ipi imezibwa na viti. Shemeji zake walimtania kwamba hata kaburini atauliza njia ya kutokea iko wapi. Alikuwa akicheka nao. Lakini katika miaka miwili ya karibuni hali ilikuwa imezidi, na hilo hakuna aliyelicheka, maana hakuna aliyejua sababu yake. Hakuwa amemwambia mtu, mkewe akiwemo.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka mitatu na nusu. Walimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo wake, kama mtu aliyeonja wino. Tangu alipokuwa ananyonya alilelewa na mama yake mdogo, dada wa Mama Kidoti, ambaye sasa alikuwa amepata kazi mji wa mbali na angeondoka Jumapili. Mama Kidoti alikuwa mtu wa maabara hospitalini, kazi ya kupima damu za watu, na ruhusa yake ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo kufikia Jumatatu ilikuwa lazima mtoto awe na mahali. Mambo yalikuwa yamefika shingoni.

Chekechea ya nne waliiona Ijumaa asubuhi. Ilikuwa nyumba ya chini, ya bati jipya, imepakwa rangi ya anga. Watoto walikuwa wamepanga foleni bombani wakinawa mikono, kila mmoja akimsugua mwenzake mgongo wa kiganja. Mwenye shule, mama mnene mwenye sauti ya taratibu ambaye kila mtu alimwita Madam, alichuchumaa akamwuliza Kidoti anapenda wimbo gani. Kidoti, ambaye kwa kawaida mgeni akimsemesha alijificha nyuma ya sketi ya mama yake, aliuachia mkono wa baba akaenda zake kupanga foleni bombani. Mama Kidoti alimtupia mumewe jicho la kusema umeona.

Baba Kidoti aliona. Aliona jiko limejengwa mbali, nje kabisa. Aliona soketi zimezibwa kwa plastiki. Akaanza kupumua kama watu wengine. Kisha Madam akawapeleka mwisho wa ukumbi.

"Hapa ndipo wanapolala," alisema. "Saa saba mpaka saa nane na nusu."

Kilikuwa chumba kizuri, magodoro madogo yamepangwa kwa rangi. Kilikuwa na madirisha mawili, yote ya nondo. Mlango mmoja, nao ulikuwa wa nondo pia, na kwenye kipete chake lilining'inia kufuli kubwa kama ngumi ya mtu mzima.

"Hilo la nini?" Baba Kidoti aliuliza.

"Wakishalala tunafunga. Mtoto akiamka huwa hajui anakokwenda, anaweza kutoka nje. Huku ndani wako salama, na mwalimu yuko hapa ukumbini anawaona." Madam aligusa kamba shingoni mwake. "Ufunguo hautoki mwilini mwangu."

Baba Kidoti alifungua mdomo kusema, na hapo hapo mkewe akamfinya juu ya kiwiko, mfinyo wa kweli, wa kuacha alama. Akameza mate. Walimwandikisha mtoto siku ile ile.

Jumatatu alikuwa kazini, zamu ya mchana. Asubuhi yote aliosha mipira ya maji na kuianika, kazi anayoipenda kwa sababu haitaki mawazo, lakini ilipofika saa sita na nusu aliuacha mpira wa mwisho umelala uani. Saa saba kamili alijiona kama mtu anayesikia kufuli likibanwa. Alikaa kwenye benchi la kituo akitazama saa ya ukutani mpaka saa nane na nusu, wenzake wakila na kupiga soga pembeni yake. Dereva wa gari kubwa alimsukumia sahani, na hakuiona.

Jumanne, saa saba na robo, kengele ya kituo ililia. Wenzake walikimbilia viatu. Yeye alikimbilia dirisha la simu, akamshika mpokeaji bega akamwuliza mtaa gani, mtaa gani, kabla mtu hajamaliza kuandika. Ilikuwa jalala limeshika moto nyuma ya soko. Alipanda gari akiwa amevaa kiatu kimoja, cha pili mkononi, na dereva akamtazama kwenye kioo.

Nyumbani Kidoti alikuwa akiimba nyimbo mpya tatu na kukataa kuvuliwa sare. Mama yake alikuwa amefurahi kiasi kwamba Baba Kidoti aliona haya kuharibu. Angesema nini? Kwamba nyumba haijaungua?

Jumatano alimwambia mkuu wake kwamba anaumwa tumbo, na hakudanganya sana. Saa saba na dakika ishirini alikuwa getini kwa Madam. Geti lilikuwa limerudishiwa tu, akaingia. Ukumbini alikuwapo mwalimu peke yake, binti wa miaka kama ishirini na miwili ambaye watoto walimwita Mwalimu Mdogo, amekaa kwenye kiti kifupi cha watoto akikata maua ya karatasi.

"Karibu, Baba Kidoti. Kuna tatizo?"

"Hapana. Nataka kumwona tu."

"Si amelala?"

"Nifungulie nimtazame, nitoke."

Mwalimu Mdogo alitabasamu kwa adabu. "Madam ametoka kidogo. Ameitwa kikao shule ya jirani."

"Na ufunguo?"

"Anao yeye."

"Wa akiba?"

"Upo drooni," binti alisema, akanyanyuka kama mtu aliyefurahi kuwa na jibu.

Baba Kidoti aliangalia saa yake ya mkononi. Hakujua kwa nini aliangalia. Ilikuwa tabia ya kazi.

Drooni mlikuwa na chaki, gundi iliyokauka, vifungo vya mashati, mkasi usio na mpini, na funguo tano zilizofungwa kwa uzi. Mwalimu Mdogo alijaribu wa kwanza. Akajaribu wa pili. Wa tatu uliingia nusu ukakwama, akauzungusha mpaka kidole kikawa cheupe. Wa nne na wa tano hazikuingia hata ncha.

"Labda uko kwenye kabati," alisema.

"Tuseme chumba kinawaka," Baba Kidoti alimwambia. "Sasa hivi. Fungua."

Binti alianza kucheka, akamtazama usoni, na kicheko kikamfia mdomoni. Alikwenda kabatini mbio. Alimwaga mikebe ya rangi, akapekua vikapu vya vitambaa. Alimwita mpishi, mama mtu mzima aliyekuja akifuta mikono kwenye kanga, naye akasema ufunguo wa akiba aliuona mara ya mwisho kabla ya likizo, kwenye msumari, pale, na wote watatu wakautazama msumari mtupu ukutani. Walimpigia Madam. Simu iliita mpaka ikakatika. Wakapiga tena.

Dakika nne.

Baba Kidoti alishika nondo za mlango kwa mikono miwili. Ndani walilala watoto ishirini na watatu. Aliwahesabu mara mbili. Kidoti alikuwa wa tatu kutoka ukutani, mdomo wazi, soksi moja imemtoka. Chumba kilikuwa kimya, feni inazunguka polepole, mwanga wa mchana umelala juu ya magodoro. Hapakuwa na jambo lolote la kuogopa. Alijua hivyo kama anavyojua jina lake, na kujua huko hakukumsaidia chochote, kwa sababu kijasho chembamba kilikuwa kinamshuka mgongoni na pua yake ilikuwa inanusa kitambaa kinachoungua.

"Umezima jiko?" alimwuliza mpishi.

"Nimezima tangu saa sita."

"Nenda kaangalie."

Mpishi alikwenda, akarudi. "Limezimwa, baba. Limepoa."

Bado alinusa. Na sasa alisikia na sauti, sauti ya viganja vinavyopiga mlango kutoka ndani, japo mbele ya macho yake hakuna mtoto aliyejigeuza hata ubavu. Alijaribu kupitisha mkono kati ya nondo. Mkono uliingia mpaka begani. Kidoti alikuwa mbali kwa hatua tatu.

Dakika saba. Mwalimu Mdogo alikuwa amepiga magoti chini, anapapasa uvungu wa kabati kwa rula. Alikuwa analia bila sauti.

Baba Kidoti aliachia mlango akatoka mbio. Ng'ambo ya barabara palikuwa na nyumba inajengwa, na fundi mwashi alikuwa amekaa juu ya matofali akipumzika. Hakumsalimia. Alisema, "Nipe mtaimbo, kuna watoto wamefungiwa," na yule fundi, kwa kumtazama tu, alimpa, akamfuata.

Kufuli lilikuwa gumu. Walilikandamiza wote wawili, mara ya kwanza likakataa, mara ya pili kipete kikapinda, mara ya tatu kikang'oka ukutani na kipande cha saruji, na mlango ukafunguka kwa kishindo kilichotikisa madirisha. Watoto ishirini na watatu waliamka kwa pamoja. Walichokiona ni wanaume wawili mlangoni, mmoja ana chuma mkononi. Kilio kilichopanda humo ndani kilisikika mpaka mtaa wa nyuma.

Baba Kidoti alitupa chuma akaenda kwa mwanawe, mikono mbele. Kidoti alimwona. Akarudi nyuma kwa matako mpaka mgongo ukagusa ukuta, kisha akakimbia, akampita baba yake, akaenda kuficha uso kwenye sketi ya Mwalimu Mdogo.

"Dakika kumi na moja," Baba Kidoti alisema. Alimwonyesha binti saa yake, kana kwamba binti huyo alikuwa amebisha. "Kumi na moja, mwalimu."

Madam alifika wakati jirani wa nne ameshaingia kuuliza kuna nini. Aliangalia ukuta, aliangalia watoto, aliangalia mtaimbo. Sauti yake haikupanda.

"Ondoka kwenye shule yangu," alisema. "Na mtoto wako kesho usimlete."

Saa kumi na moja jioni, Mama Kidoti alirudi kutoka kazini. Habari zilikuwa zimeshamfikia, maana simu yake ilikuwa imeita maabara mpaka msimamizi wake akamwambia akaipokelee nje. Aliweka mkoba mezani. Kidoti alikuwa uani akimwogesha mwanasesere kwenye beseni, ameshasahau.

"Nieleze," alisema, akavuta kiti. "Na usinianzishie habari za milango. Nieleze wewe una nini."

Baba Kidoti akajipiga moyo konde akasema.

Miaka miwili iliyopita waliitwa kwenye karakana ya kushona mashuka. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, kwa sababu mwenye mali aliogopa wafanyakazi wake wataiba vitambaa. Aliyekuwa na ufunguo alikuwa amekwenda kula. Ndani walikuwamo wanawake sita. Gari lao liliwahi kufika, hawakuchelewa, hilo aliapa. Yeye ndiye aliyepewa mlango. Alikuwa na shoka na msumeno, na walikuwa wakigonga kutoka upande wa pili, karibu kabisa, angeweza kuwagusa kama si ule ubao na bati. Alikata na wao wakagonga.

"Walinyamaza kabla kufuli halijakatika," alisema. "Mimi ndiye niliyewasikia wakinyamaza."

Mama Kidoti hakumgusa. Alikaa vile vile, mikono mapajani.

"Miaka miwili," alisema. "Unalala na mimi kitanda kimoja, hukuniambia."

"Ningekuambiaje?"

"Ungeniambia Ijumaa. Mimi nimekufinya, wewe ukanyamaza. Nimemwacha mtoto wangu mle siku tatu." Aligeuza uso kuelekea uani, na hapo ndipo Baba Kidoti alipoona kwamba hakuwa na hasira tena, au hasira ilikuwa imepata mwenzake. Mama Kidoti alisimama ghafla, akaenda uani, akamnyanyua mtoto kutoka kwenye beseni akiwa analowa maji, akamkumbatia mpaka Kidoti akalalamika kwamba anambana.

Alhamisi Mama Kidoti aliomba ruhusa kazini na kwenda kwa Madam. Alimwambia mumewe abaki nje ya geti, asiingie mpaka aitwe, naye akasimama pale kama mwanafunzi aliyefukuzwa, huku fundi mwashi wa ng'ambo akimpungia mkono kila anapopita na ndoo. Baada ya nusu saa aliitwa.

Madam alikuwa ofisini, kamba ya ufunguo bado shingoni. Hakumkaribisha kiti. "Mkeo amenisimulia," alisema. "Pole. Sasa na mimi nikusimulie."

Mwaka jana, saa nane mchana, mtoto mmoja aliamka wenzake wakiwa wamelala. Wakati huo hapakuwa na kufuli. Alivuka ukumbi, mwalimu amekwenda chooni dakika moja, akasukuma geti, akaingia barabarani. Pikipiki ilimvunja paja. Alikaa hospitalini miezi mitatu. Alipona, anatembea, wazazi wake walimsamehe na kumhamisha.

"Lakini mimi niliisikia ile breki nikiwa hapa nilipokaa," Madam alisema. "Mpaka leo gari likifunga breki pale nje, natoka kuhesabu watoto. Kwa hiyo nilinunua kufuli kubwa kuliko yote dukani. Ndipo kwa mara ya kwanza nikalala usingizi." Aligusa kamba shingoni mwake. "Kumi na moja kweli?"

"Kumi na moja."

"Na ule wa akiba tumeupata. Ulikuwa kwenye mfuko wa koti langu la mvua, nyumbani."

Hakuna aliyecheka. Baba Kidoti alitazama mikono ya yule mama juu ya meza, ilivyoshikana, vidole vimebanana. Alikuwa ameiona mikono ya namna hiyo kwa watu waliosimama nje ya nyumba zinazowaka. Hasira aliyokuwa ameiandaa tangu jana ikamtoka.

"Watoto hawatoki kwa sababu ya mlango wa chumba," alisema. "Wanatoka kwa sababu ya geti. Mimi jana niliingia nikalisukuma kwa kidole. Tuanzie pale."

Jumamosi alikuja na vifaa vyake. Fundi mwashi alivuka barabara bila kuitwa, akaziba tundu la ukutani ambalo, kwa maneno yake, alikuwa amelitoboa mwenyewe. Getini walifunga komeo la juu, asilolifikia mtoto hata akipanda ndoo, na kengele inayolia likifunguliwa. Mlango wa chumba waliuondoa kabisa, wakaweka wa mbao wenye kitasa cha kawaida. Nondo za dirisha moja walizikata na kuzitia bawaba, zifunguke kwa ndani. Mwalimu Mdogo akahamishiwa kiti chake chumbani, akae humo humo watoto wakilala, na akitaka kwenda chooni amwite mpishi kwanza.

Alhamisi iliyofuata Madam alimruhusu aje kuwafundisha watoto kutoka. Alileta kamba ndefu yenye mafundo, kila mtoto akashika fundo lake, wakaambiwa wao ni nyoka na nyoka haachi mkia wake ndani ya nyumba. Mara ya kwanza nyoka alikatika vipande vitatu, kipande kimoja kikaishia jikoni kuomba maji. Mara ya pili mkia ulitoka kabla ya kichwa. Mara ya tano walitoka wote ishirini kwa dakika moja na sekunde arobaini, na Baba Kidoti akapiga makofi peke yake uwanjani.

Walikuwa ishirini kwa sababu Kidoti alikuwa hajaruhusiwa kurudi, na wazazi wawili waliwahamisha watoto wao, wakisema hawawezi kuwaacha mahali panapovamiwa na vichaa wenye vyuma. Madam hakumficha habari hiyo. Wala hakumwomba radhi, naye hakuomba.

Kidoti, ambaye wiki ile alishinda kwa jirani wa kubembelezwa, aliruhusiwa kurudi Ijumaa. Baba yake ndiye aliyempeleka, na baada ya mtoto kuingia darasani bila kugeuka nyuma, yeye alibaki kibarazani. Alifungua mlango wa chumba cha kulala, akaufunga. Akaufungua tena. Alitazama kitasa, alitazama bawaba, akasikia moyo wake ukienda mbio vile vile kama siku ile, pamoja na kwamba sasa kila kitu kilikuwa kama alivyokitaka mwenyewe.

Madam alikuwa amesimama nyuma yake.

"Bado?" aliuliza.

"Bado."

"Na mimi bado. Jana nilitoka kuangalia geti mara tisa." Alimsogeza pembeni kwa kiganja, taratibu, akaketi kwenye kiti cha Mwalimu Mdogo kilichokuwa kidogo mno kwake. "Nenda kazini, Baba Kidoti. Tukikaa wote wawili hapa, watoto wataanza kutuuliza tunaogopa nini."

Alikwenda. Getini kengele ililia alipofungua, ikalia alipofunga, na alipofika kwenye kona aligundua kwamba alikuwa amebeba begi la mtoto begani, na chakula chake humo ndani, ikabidi arudi.